Yoga ya nyumbani bila mbwembwe: mwongozo kamili wa kutuliza mwili na kichwa, kuanzia asubuhi mpaka usingizi

Ukitaja yoga hapa Kampala watu wanaona picha moja tu, dada mwembamba kavaa nguo za kubana yuko Kololo huko kwa matajiri, mguu kaupeleka nyuma ya shingo, pembeni chupa ya maji ya limao. Basi mtu anasema hiyo si yangu, mi niko Kawempe kwenye muzigo, yani chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimemaliza nafasi yote, watoto hao, na saa kumi na moja alfajiri nishawasha sigiri. Sasa mwongozo huu nimeandika kwa ajili ya huyo huyo. Ni wa dada wa salon anayesimama kutwa nzima, wa bodaboda ambaye mgongo unamuuma kuliko anavyosema, wa mwalimu, wa askari wa zamu ya usiku, wa mama wa soko la Owino anayekaa kwenye kigoda mpaka miguu inavimba.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaenda mbali: kinachotuliza siyo kunyumbuka, ni pumzi, na hasa ile pumzi ya kutoka. Mtu anaweza kuwa mwili umekakamaa, akiinama mikono inaishia magotini, na bado akalala vizuri na akapunguza hasira za mchana kwa sababu tu amejifunza kushusha pumzi polepole. Mikao yote nitakayoeleza chini ipo kwa ajili ya kuisaidia hiyo pumzi. Ukiona umeingia kwenye mkao ukaanza kuhema kwa shida au umebana pumzi, hata uwe umependeza vipi, hiyo siyo kazi tunayotafuta.

Lile swali la dini, tulimalize mapema

Naanza na hili maana ndilo linawakwaza wengi, hasa ndugu zetu walokole, na hata Waislamu huwa wanaliuliza. Yoga imetoka India, ni ya zamani sana, na mizizi yake imo ndani ya dini za kule, anayekuambia haina uhusiano wowote na dini anakudanganya. Maandiko ya Patanjali, mwandishi wa kale wa India, ambayo walimu wa yoga wanayarudia mpaka leo yanaongelea zaidi kutuliza mawazo na kutafakari, habari ya mikao ya mwili imeguswa kidogo sana. Hii staili ya kufuatanisha mikao mingi kama mazoezi imekuzwa zaidi karne ya 20.

Msimamo wangu mimi ni mwepesi: mantra (yale maneno ya kurudia rudia) na nyimbo unaweza kuziacha, ukachukua mazoezi ya viungo na pumzi, na mgongo wako hautajua tofauti. Mlokole anaweza kuomba ndani ya ule utulivu, Mwislamu akamtaja Mungu wake kimoyomoyo, na asiyetaka lolote akahesabu tu moja mpaka sita. Na kusema kweli mtu anayesujudu mara kadhaa kila siku magoti na vifundo vyake vishazoea nusu ya kazi. Lakini kama dhamira yako inakataa kabisa hata hivyo, basi usijilazimishe, ruka mikao, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pumzi na ile ya usiku ya kukaza na kulegeza misuli, hizo ni za kawaida kabisa hata hospitalini wanafundisha.

Nani aulize daktari kwanza

Presha ya kupanda, presha ya macho, ngiri, diski ya mgongo iliyoteguka, mifupa dhaifu ya wazee, au umefanyiwa upasuaji juzi juzi: uliza kwanza. Mwenye presha ya mwili au ya macho asifanye mikao ya kichwa kuwa chini ya moyo, na asibane pumzi kabisa. Mjamzito asilalie tumbo, asijipinde sana kiunoni, na mimba ikishakua, tuseme kuanzia mwezi wa tano hivi, asikae chali muda mrefu kwa sababu tumbo linagandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, alale ubavu wa kushoto. Kusimama kwa kichwa hakumo humu ndani na usikutafute YouTube peke yako, shingo ni moja tu.

Alafu tumbo liwe limepumzika. Ukishakula matooke na njugu ukashiba, subiri masaa 2 au 3. Chai kikombe haina neno.

Hatua ya 1: nafasi na vifaa

Nafasi unayohitaji ni ya kulaza mkeka mmoja. Kwenye muzigo, hiyo mara nyingi ni ile sehemu kati ya kitanda na mlango, sogeza viti, weka masufuria juu ya meza, imetosha. Mkeka wetu wa majani ni mzuri ila kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu unateleza vibaya, hasa wakati umeweka mguu mmoja mbele mmoja nyuma, yani unaweza kupasuka msamba bila kupenda. Dawa yake: lowesha kitambaa kidogo, kamua vizuri mpaka kisitone, tandika chini ya mkeka. Au fanya mikao ya kusimama peku kwenye saruji yenyewe, mkeka ubaki wa kulalia.

Vingine unavyo tayari. Leso moja ya kukunja iwe mto wa magoti, na hiyo hiyo ukiifungua ni mkanda wa kuvutia mguu. Jerikeni ndogo ya lita 3 iliyojaa maji na kufungwa vizuri, hiyo unaweka mkono juu yake pale ambapo sakafu iko mbali. Kiti kisichoyumba. Ukuta. Usione kama ni mbinu za maskini, B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyefariki 2014 akiwa na miaka 95, alijulikana dunia nzima kwa kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao ili kila mwili uweze kuingia kwenye mkao, wazee na wagonjwa wakiwemo.

Muda? Sisi tuko kwenye ikweta, jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, hatuna kisingizio cha baridi wala giza refu. Mi naona bora kabla watoto hawajaamka, lakini mama mwingine ataniambia hiyo taimu ndiyo ya kuchota maji, sawa, basi fanya baada ya watoto kwenda shule. Taimu mbaya ni ile tu ya kusema "nikipata nafasi".

Hatua ya 2: pumzi, na hapa tukae kidogo

Wiki ya kwanza usifanye kingine chochote. Ni hii tu, dakika 5 kwa siku.

Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Chukua pakiti ya unga wa posho, yani unga wa mahindi, ya kilo 1, hata ya sukari, ilaze juu ya kitovu. Sasa pumua kwa pua kama kawaida yako na uangalie pakiti. Watu wengi wenye stresi pakiti haisogei kabisa, kinachopanda ni kifua na mabega, pumzi fupi fupi za juu. Usijilaumu, ndivyo mwili unavyokaa ukiwa na wasiwasi wa kodi ya nyumba.

Vuta pumzi kwa pua polepole, hesabu mpaka 4, uache tumbo lijae mpaka pakiti ipande. Usisukume tumbo kwa nguvu, liache tu. Alafu toa kwa pua ukihesabu mpaka 6, pakiti ishuke yenyewe. Mwisho wa kutoa kuna kakituo kadogo ambapo mwili hautaki chochote, usikarukie, kaache kapite. Rudia. Kila hesabu ikiwa sekunde 1 basi pumzi moja ni sekunde 10, yani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyekaa tu hupumua kama mara 12 mpaka 20. Ikiwa 4 kwa 6 inakubana, anza na 3 kwa 4. Kichwa kikianza kuwa chepesi au vidole kuwasha washa, umevuta hewa nyingi mno, rudi kwenye pumzi ya kawaida na siku nyingine vuta kidogo zaidi.

Kwa nini kutoa kuwe kurefu? Kuna neva kubwa inaitwa vagus, inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni, inashuka moyoni na tumboni. Hiyo ndiyo breki ya moyo. Unapovuta pumzi breki inaachiwa kidogo, moyo unakimbia, unapotoa inakanyagwa, moyo unapunguza mwendo. Huna haja ya kuniamini, weka vidole viwili chini ya kidole gumba kwenye mkono wa pili mahali mapigo yanasikika, pumua polepole namna hiyo, na wengi mtasikia yakikimbia kidogo wakati wa kuvuta na kuachana achana wakati wa kutoa. Ukirefusha kutoa, unarefusha muda wa breki.

Ipo na ya haraka, ya wakati mtu amekuudhi pale pale. Vuta pumzi kwa pua, kabla hujatoa ongeza kavuto kengine kafupi juu yake, alafu toa yote polepole kwa mdomo mpaka iishe. Mara 2 au 3. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford Marekani walitoa utafiti ambao watu walifanya hii dakika 5 kila siku kwa mwezi mzima, na hisia zao nzuri zilipanda kuliko za wale waliokuwa wanafanya tafakuri tu. Ukimwangalia mtoto aliyelia sana akaanza kutulia, anapumua hivyo hivyo bila kufundishwa.

Hatua ya 3: asubuhi, dakika 15 za mwili

Wiki ya pili ongeza mikao miwili ya kwanza, ya tatu ongeza yote. Sheria ya maumivu: kusikia msuli unavutwa ni sawa, kusikia kisu kwenye kiungo, ganzi, au kitu kama umeme unashuka mguuni, acha hapo hapo.

*Paka na ng'ombe.* Piga magoti kwenye leso iliyokunjwa, viganja chini, viganja viko chini ya mabega na magoti chini ya nyonga. Ukivuta pumzi tumbo linashuka, kifua kinafunguka mbele, macho yanaangalia mbele kidogo. Ukitoa, sukuma sakafu, viringisha mgongo juu, kidevu kielekee kifuani. Pumzi ianze kwanza, mgongo ufuate, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanapampu haraka haraka kama wanafukuzwa. Mara 8. Kama viganja vinauma, kunja ngumi au wekea viwiko kwenye kiti.

*Mkao wa mtoto.* Kutoka pale rudisha makalio yakalie visigino, paji la uso liende chini, mikono mbele au pembeni ya miguu. Makalio hayafiki? Weka mto katikati ya makalio na visigino. Kichwa hakifiki chini? Panga ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kilaze hapo. Pumua ukipeleka hewa mgongoni, utasikia mbavu za nyuma zinapanuka. Pumzi 8, na kama siku ni mbaya kaa hata 20, huu mkao peke yake unaweza kuwa yoga yako yote ya siku hiyo.

*Mbwa wa ukutani.* Ile ya kuinua makalio juu mikono chini inawatesa wanaoanza na inawakataza wenye presha, basi tumia ukuta. Simama, weka viganja ukutani usawa wa nyonga, rudi nyuma kwa hatua mpaka mgongo umelala sambamba na sakafu, magoti yalegee kidogo. Sukuma ukuta, vuta makalio nyuma. Pumzi 5. Kwa anayelima na jembe la mpini mfupi au anayeinamia beseni la kufulia hii ni asali.

*Kusimama.* Watu wanaidharau. Simama peku, sambaza vidole vya miguu, uzito uwe nusu visigino nusu mbele, legeza magoti, legeza taya. Inua mikono ukivuta pumzi, shika kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, toa pumzi ukiegemea kulia. Pumzi 3, badilisha.

*Hatua ya chini.* Mguu wa kulia mbele umekunjwa, goti la kushoto nyuma limelala kwenye leso, mikono juu ya goti la mbele au jerikeni mbili pembeni. Shusha kiuno polepole. Utasikia mvuto mbele ya nyonga ya kushoto, sehemu ambayo inafupika kwa sababu ya kukaa kutwa, kwenye boda, kwenye ofisi, kwenye taxi, ikifupika inavuta kiuno na ndio mgongo wa chini unaanza kulalamika. Pumzi 5 kila upande.

*Daraja.* Chali, magoti yamekunjwa, kanyaga chini na inua kiuno ukivuta pumzi, shusha ukitoa. Mara 6. Alafu angusha magoti yote upande mmoja, mabega yabaki chini, pumzi 5, geuza upande wa pili.

Maliza kwa kulala chali bila kufanya lolote, dakika 3, leso juu ya macho. Usiiruke. Najua ndipo mtu anakumbuka uji uko jikoni, weka alamu kwenye simu ili kichwa kisihangaike kukisia muda.

Kwa wenye mgongo wa muda mrefu, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kwenye miongozo yake ya 2017, kiliiweka yoga miongoni mwa vitu vya kujaribu kabla ya vidonge kwa maumivu ya chini ya mgongo yasiyoisha. Siyo kwamba inaponya kila mgongo. Ni kwamba mgongo mwingi unataka kutembezwa kuliko kulazwa.

Hatua ya 4: mchana, pale ulipo

Hapa ndipo watu wanapotoroka, asubuhi mtu yuko mtulivu mpaka anapendeza, saa nne yuko Clock Tower anamtukana kondakta. Basi weka mazoezi madogo ndani ya vitu ambavyo unavifanya tu upende usipende.

Ndani ya taxi kwenye jam ya Jinja Road, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, bado mabega ni yako. Yapandishe mpaka masikioni ukivuta pumzi, yaangushe ukitoa, mara 5, hakuna atakayekuuliza. Alafu pumzi za 4 kwa 6 mpaka gari lisogee. Kama moshi umezidi usivute kwa kina, fanya ndogo ndogo, urefu wa kutoa ndio muhimu.

Bodaboda: siyo ukiwa barabarani, tafadhali, macho yako yawe barabarani. Ukiwa steji unasubiri abiria, simamisha pikipiki kwenye stendi yake kubwa ikae imara, weka mikono juu ya siti, rudi nyuma, laza mgongo, ni ule ule mbwa wa ukutani. Alafu vidole: vinashika klachi na breki kutwa nzima, vifungue, kwa mkono mwingine vivute nyuma taratibu kiganja kikiangalia mbele, pumzi 5 kila mkono. Wenzako watacheka siku ya kwanza, ya tatu mmoja atauliza ile ya mgongo inafanywaje.

Anayekaa sokoni: zungusha vifundo vya miguu, panda na shuka kwenye vidole bila kunyanyuka, maana misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayopampu damu kurudi juu, ikilala damu inatuama na miguu inavimba. Geuka kulia ukishika ukingo wa kigoda, geuka kushoto. Ukienda kuchota maji, foleni ya bomba ni mahali pazuri sana pa kusimama sawa sawa na kupumua, na utashangaa kwamba hata yule jirani anayepita foleni hakuudhi kama zamani, au anakuudhi ila kidogo.

Hatua ya 5: kichwa kikijaa, jitie nanga

Kuna siku pumzi haikubali, mawazo yanazunguka, ada ya shule, mgonjwa kijijini, deni. Usipigane nayo. Kule Rhino Camp, West Nile, wanakoishi wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, kulijaribiwa kozi ya Shirika la Afya Duniani ya kujisaidia na stresi, wanawake wakakaa kwa makundi wakisikiliza rekodi za Kiarabu cha Juba, vikao 5, kimoja kwa wiki, pamoja na kitabu cha picha. Matokeo yalitangazwa 2020, waliopitia kozi walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao miezi 3 baadaye. Tofauti haikuwa kubwa sana, ila fikiria ni watu waliokimbia vita na mwendesha kikao hakuwa daktari. Somo la kwanza lilikuwa hili la nanga, nalo liko hivi:

Kwanza jiambie kilichopo, kimya kimya: "nina hofu", "mawazo ya deni yamekuja". Usiyafukuze. Pili, rudi mwilini: kanyaga chini kwa nguvu kidogo, nyoosha mikono, kandamiza vidole pamoja, toa pumzi yote alafu ijaze polepole. Tatu, rudi mahali ulipo: unaona nini, unasikia nini, harufu gani, nani yuko na wewe, ulikuwa unafanya nini. Kama ulikuwa unamenya matooke, sikia kisu, sikia utomvu unavyonata vidoleni, endelea kumenya. Mawazo yatabaki pembeni, hayatakuwa yamekwisha, ila hayakubebi.

Na hili walimu wengi hawalisemi: mtu aliyepitia vita au kupigwa, na tunao wengi, Gulu, Kitgum, na hata hapa mjini, akiambiwa fumba macho ulale kimya anaweza kuona mambo aliyoyakimbia. Huyo afanye macho yakiwa wazi, ameketi, mgongo umegusa ukuta, na muda mfupi mfupi. Kumlazimisha mtu afumbe macho eti ndio atulie ni ujinga.

Hatua ya 6: usiku

Chai au kahawa ya jioni iangalie, kafeini nusu yake inaweza kuwa bado iko mwilini baada ya masaa 5 hivi, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku saa saba bado kinafanya kazi. Simu ikae mbali na mkono.

Miguu ukutani: kaa ubavu wako karibu na ukuta, geuka ulale chali huku ukipandisha miguu, makalio karibu na ukuta au mbali kidogo kama nyuma ya mapaja inakaza. Leso iliyokunjwa chini ya kichwa. Dakika 5 mpaka 10, pumzi ya kutoa iwe ndefu. Anayesimama kutwa atasikia miguu inavyopungua uzito. Ifanye kabla hujaingia kwenye neti, mbu hawajui yoga. Ukishuka, geukia ubavuni kwanza, usikurupuke.

Ukishaingia kitandani: kukaza na kulegeza. Hii ni ya Edmund Jacobson, daktari Mmarekani aliyeikuza miaka ya 1920, haina dini wala mkao. Kaza vidole vya miguu kwa sekunde 5, achia ghafla, sikia tofauti kwa sekunde 10 au 15. Panda: mashavu ya miguu, mapaja, makalio, tumbo, ngumi, mabega, mwisho uso wote, kunja macho na midomo, achia. Wengi hawafiki usoni wanakuwa wamelala.

Kelele? Baa ya jirani, mkesha wa maombi, mbwa. Kama huwezi kuzizima basi zisikilize kama orodha, muziki ule, boda ile, mbwa yule, bila kuanza kesi na kila moja. Kinachonyima usingizi mara nyingi ni ile hotuba unayomwandalia mwenye baa.

Kuendelea, na mahali yoga inapoishia

Dakika 10 kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili. Ifunge kwenye kitu usichokosa, baada ya kupiga mswaki, kabla ya sala, wakati chai inachemka. Ukikosa wiki usilipize kwa kufanya mara mbili, rudi tu kwenye pakiti ya posho na dakika 5. Watoto wakitaka kuiga waache, paka na ng'ombe wanaipenda sana, kelele zao utazizoea. Na ukipata Jumamosi ya kwenda Entebbe, ile Bustani ya Mimea iliyoanzishwa 1898 ina nyasi na vivuli vya kutosha kwa leso moja, mbega watakuangalia toka juu na hawatozi pesa, getini ndio wanatoza.

Lakini vidonge vya presha au vya sukari usiviache eti unapumua vizuri siku hizi. Na ikiwa huzuni imekaa wiki 2 au zaidi, huli, hulali, hutaki watu, au unawaza bora ufe, hapo mkeka hautoshi, nenda hospitali. Butabika siyo ya "vichaa" kama watu wanavyosema, ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na wanatibu huzuni na wasiwasi kila siku, na hospitali za rufaa za mikoani nazo zina vitengo vya namna hiyo. Mwambie na mtu mmoja wa nyumbani.

Baadaye ukitaka mwalimu, anza na ya bure. Tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 na imeadhimishwa tangu 2015, na ubalozi wa India hapa Kampala huwa unaandaa mazoezi ya pamoja, nenda uone. Kwa klasi ya kulipia, angalia kama mwalimu anauliza habari za presha, mimba na majeraha kabla ya kuanza, kama anakubali ukimwambia huu mkao siufanyi, na kama anaomba ruhusa kabla ya kukugusa. Akikusukuma mgongo ufike chini siku ya kwanza, kunja mkeka wako uende. Na akitaka ulipe mwaka mzima kabla hujahudhuria hata mara moja, muage kwa heshima zote.